Turubai Likishakunjwa

Nilifika Muheza majembe yanaoshwa. Mzee alifariki alfajiri, simu ikanikuta Dar es Salaam navaa viatu vya kwenda kazini, na hadi basi nililopanda linaingia stendi alikuwa ameshalala kaburini saa nzima. Kwetu maiti hacheleweshwi. Nilikutana na watu wanarudi kutoka makaburini, miguu imejaa udongo mwekundu, kila mmoja ananipa mkono na kusema pole. Kabla sijakaa vizuri mkekani, ami yangu akanikabidhi daftari la rambirambi na bahasha ya kaki. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo hesabu ni zangu. Siku tatu nzima nilihesabu pesa za watu. Nilijua nani katoa elfu mbili, nani kaleta nusu gunia la mchele, nani kaahidi akapotea. Sikulia. Watu wakanisifu kwamba kijana kajikaza.

Siku ya pili akaja mtani wa mzee. Mtani, kwa asiyejua, ana ruhusa ya kufanya msibani jambo ambalo akilifanya mwingine atatolewa kwa fimbo. Huyu alivaa kofia ya marehemu, akachukua bakora yake, akapita mbele ya wanawake akichechemea kama mzee na kukohoa kile kikohozi chake kirefu ambacho mtaa mzima ulikijua. Akatangaza kwamba mzee kafa na deni lake, na kwamba kwa ubahili ule hata malaika wa kaburini atadaiwa chenji. Wanawake walicheka huku wanalia. Mimi nilikuwa katikati ya kujumlisha ukurasa. Nikatoa noti ya elfu tano, nikampa ili aniondokee.

Katika pesa zote zilizopita mkononi mwangu msiba ule, hiyo ndiyo niliyoitumia vibaya kuliko zote.

Miezi mitatu baadaye nilianza kukohoa. Nikapimwa makohozi, nikapigwa picha ya kifua, hakuna kitu. Nikapewa dawa ya mzio, nikabadilisha mto. Usiku mmoja mke wangu akawasha taa, akanitazama, akasema, "Baba Zuhura, unakohoa kama babu. Yaani vilevile." Akazima taa akalala. Mimi sikulala.

Nimekuwa nikisoma tangu siku ile, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya yeyote ambaye turubai limekunjwa uani kwake, sufuria za kukodi zimerudishwa, na anashangaa kwa nini ndiyo kwanza mambo yameanza kuwa magumu.

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, daktari wa Vienna aitwaye Sigmund Freud, mwasisi wa saikolojia changanuzi, aliandika insha fupi kuhusu maombolezo na melankolia. Ilichapishwa mwaka 1917. Hoja yake kubwa ni kwamba kuomboleza ni kazi, na neno hilo alilikusudia hasa. Akili imeshapokea habari kwamba fulani amekufa, lakini moyo umefungwa kwake kwa kamba elfu moja, na kila kamba lazima ifikiwe peke yake: kiti chake, sauti yake akiuliza kama umekula, Idi aliyokununulia kanzu, ugomvi wa mwaka ule. Kila kumbukumbu huja mbele, huulizwa kama mwenyewe yupo, hujibiwa kwamba hayupo, na jibu hilo huuma upya. Ndiyo maana mfiwa huchoka kama mtu aliyelima heka nzima ilhali ameshinda amekaa. Husahau funguo mlangoni, huunguza maharage, husoma ujumbe mara tatu bila kuuelewa. Usimshangae, na kama ni wewe, usijitukane. Upo kazini. Punguza kazi nyingine zinazoweza kupunguzwa, na jambo kubwa kama kuuza nyumba au kuhama mji liache lisubiri.

Freud aliongeza neno ambalo wengi huliruka. Alisema maombolezo si ugonjwa, hata kama yanambadilisha mtu kabisa, na kuyaingilia hakuna faida, huenda hata kukaleta madhara. Kwa hiyo wanaomzunguka mfiwa na kumwambia "jikaze", "usilie mbele ya watoto", "kazi ya Mungu haina makosa" mara kumi kwa siku, wana nia njema lakini wanamnyang'anya jembe.

Sasa tazama muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na mwenza, mzazi au mtoto. Eda ya mjane Mwislamu ni miezi minne na siku kumi. Sisemi kila mfiwa akae ndani miezi minne, na najua wajane ambao eda iliwalemea kwa sababu mezani hapakuwa na kitu. Ila linganisha namba hizo mbili uone kila upande unamdhania binadamu nini. Wazee waliweka siku ya tatu, ya saba, arobaini na hitima ya mwaka, na katika kila kituo watu walirudi, wakaketi, wakamtaja marehemu kwa jina. Siku hizi tunamaliza matanga siku ya tatu kwa sababu watu wana safari, arobaini inaunganishwa na hitima kupunguza gharama, na kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya michango linaanza kuonyesha "ameondoka, ameondoka, ameondoka" hata kabla udongo haujakauka.

Kama wewe ni rafiki wa mfiwa, fanya hivi leo. Fungua kalenda ya simu yako uandike tarehe nne: siku ya 40, mwisho wa mwezi wa tatu, sikukuu ya kwanza bila marehemu, na siku ya mwaka. Siku hizo nenda. Kama huwezi kwenda, piga simu, na umtaje marehemu kwa jina lake. Ile kauli ya "ukiwa na shida yoyote niambie" iache, maana mfiwa hana nguvu ya kutafuta shida ya kukuambia. Peleka unga.

Nirudi kwenye majembe. Nilikosa mazishi, na hilo lilinigharimu. Moyo ni mbishi, unataka kuona. Bila sanda na bila kuweka udongo wa mkono wako, kuna pembe ndani yako inaendelea kusema huenda kuna makosa. Nilijikuta naongeza vocha kwenye laini ya mzee ili isifungwe. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya pesa za simu zilizobaki, lakini pesa hizo tulikuwa tumeshazitoa.

Freud mwenyewe alilionja hilo. Januari 1920 binti yake Sophie, mwenye umri wa miaka 26 na mimba ya mtoto wa tatu, alifariki Hamburg kwa homa ya mafua baada ya kuugua siku chache tu. Baba yake alikuwa Vienna, nchi imechakaa kwa vita, na treni ya kumfikisha haikupatikana. Binti yake aliagwa bila yeye kuwepo, yeye mtu yule yule aliyekuwa amewaeleza walimwengu maombolezo ni nini.

Wapo waliokosa zaidi ya mimi na yeye. Meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, familia nyingi hazikupata hata mwili wa kuzika. Wapo Waswahili walioko Muscat au Minneapolis wanaotazama mazishi ya mama kupitia simu ya mpwa inayotikisika, mtandao ukikatika pale hasa jeneza linaposhuka. Kwa watu hawa nina ushauri mmoja ambao ulinisaidia mimi kuliko dawa ya mzio. Mtafute mtu aliyekuwepo, mkae, umwombe akusimulie yote polepole, hata yale unayodhani hayana maana. Mimi nilimwendea shangazi. Alinieleza nani aliingia kumwosha, nani alishika upande wa kichwa, jinsi sanda ilivyokuwa fupi kidogo ikabidi kijana atumwe mbio dukani, jinsi mvua ilivyonyunya wakati wa talakini kisha ikaacha. Ilichukua mchana mzima na birika mbili za chai. Alipofika kwenye kijana na sanda nililia kwa mara ya kwanza, miezi saba baada ya mazishi. Shangazi hakuniambia nijikaze. Alinisogezea kanga yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, nalo ni hasira.

Kila tunayempenda tumewahi kumkasirikia, na mzazi zaidi ya wote. Mzee wangu aliuza shamba la michungwa bila kutuambia, mwaka ambao mdogo wangu alihitaji ada, na pesa hatukujua zilikokwenda. Sikuwahi kumuuliza. Alipokufa, mlango wa kuuliza ukafungwa, na juu yake kukabandikwa tangazo: marehemu hasemwi vibaya. Hasira yangu iende wapi? Freud anaeleza kwamba pale upendo unapochanganyika na kinyongo kisichokiriwa, mfiwa humwingiza marehemu ndani yake badala ya kumwacha aende, kisha ugomvi wote unaendelea humo humo. Lawama zilizomhusu marehemu anajirushia mwenyewe. Daktari Erich Lindemann wa Boston, aliyewahudumia wafiwa baada ya ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove kuungua Novemba 1942 na kuua watu 492, aliandika mwaka 1944 kwamba baadhi ya wafiwa huanza kuonyesha dalili za ugonjwa uliomuua marehemu. Nilipoisoma habari hiyo nilikohoa.

Mtazame sasa yule mtani. Alivaa kofia ya mzee na kukohoa kikohozi chake mbele ya kadamnasi, akamwita bahili, akamdai. Alikuwa anafanya hadharani, kwa kicheko, kile ambacho mimi baadaye nilikifanya kwa siri na kifua changu. Kwa robo saa hasira ya watu wote waliowahi kukerwa na mzee ilipata mahali pa kukaa, na waliocheka walirudi nyumbani wepesi. Wanyamwezi na Wazaramo wamefanyiana hivi kwa vizazi tangu zama za misafara, na makabila mengi ya Tanzania yana watani wao. Wasomi wengine huuita utani mzaha wa kikabila, na makanisa na misikiti kadhaa huukataza msibani kwamba ni ukosefu wa adabu. Mimi nauita akili kubwa. Anayetaka kujua Freud alimaanisha nini kuhusu upendo na chuki kukaa chumba kimoja, aende kwenye msiba wenye watani wazuri.

Mjini watani wamepungua, na nafasi yao imechukuliwa na mshereheshaji mwenye kipaza sauti anayesoma wasifu ambamo marehemu hakuwahi kukosea. Fulana zenye picha yake zinavaliwa, kamera inazunguka, kila mtu anatazama kama ametoka vizuri. Sina ugomvi na fulana. Nina ugomvi na mazishi yasiyo na nafasi ya mtu kusema "lakini alinikera". Kwa hiyo ushauri wangu: mtafute mtu mmoja, si lazima awe mtaalamu, ila awe hana kifua chepesi, umwambie yale usiyoweza kuyasema barazani. Shamba. Mwanamke wa nje. Siku aliyokupiga mbele ya wenzako. Humvunjii marehemu heshima kwa kumsema chumbani kwa mtu mmoja, na kinyongo kisichosemwa chumbani mara nyingi hutokea mahakamani. Mimi naamini ugomvi mwingi wa viwanja vya urithi ni kilio kilichokosa njia ya machoni.

Usije ukashangaa pia kama msiba huu unaamsha ule wa zamani. Melanie Klein, mchanganuzi wa nafsi aliyefiwa na mwanawe Hans katika ajali ya mlimani mwaka 1934, aliandika mwaka 1940 kwamba kila kifo kipya hutikisa vile vyote tulivyowahi kupoteza tangu utotoni. Wanawake wa pwani hawakuhitaji kuambiwa. Wanakwenda kilioni kwa jirani na kumlilia mama yao aliyekufa miaka 20 iliyopita, na hakuna anayewauliza.

Kwa wanaounda kamati za mazishi nina ombi. Msimpe mtoto wa marehemu daftari. Mpeni jirani, mpeni mkwe, mpeni mwenyekiti wa mtaa. Mtoto wa marehemu aachwe akae bila kazi mikononi, hata kama anaonekana imara, hasa kama anaonekana imara. Helene Deutsch, mwanafunzi wa Freud, aliandika mwaka 1937 juu ya watu wasioonyesha huzuni yoyote wanapofiwa, na akaonya kwamba huzuni iliyorukwa huwa haijapotea, itatafuta pa kutokea. Kuhesabu pesa za rambirambi ni njia nzuri sana ya kuiruka. Nashuhudia.

Watoto wadogo waambieni "amekufa". Msiwaambie babu amesafiri, maana aliyesafiri hurudi, na mtoto atasubiri dirishani akidhani amesahauliwa. Akiuliza swali lile lile kesho na kesho kutwa, mjibu tena vilevile. Naye anafanya kazi yake, kidogo kidogo, kati ya mchezo na mchezo.

Lini utafute daktari? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2022 unataja maombolezo yaliyorefuka kupita kiasi kuanzia miezi 6, na ule wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka huo huo unasema miezi 12 kwa mtu mzima. Wanasaikolojia changanuzi wengi hawapendi kumpimia mtu huzuni kwa kalenda, nami niko upande wao. Mimi husikiliza maneno. Mfiwa anayesema "dunia haina ladha, chakula kama majivu, nyumba tupu" anaomboleza, mkae naye. Anayesema "mimi sifai, mimi ndiye niliyemuua, bora ningekufa mimi", akakataa kula na kujitenga wiki baada ya wiki, huyo utupu umehama kutoka duniani ukaingia ndani yake. Tofauti hiyo Freud aliiona zaidi ya miaka 100 iliyopita na bado inafaa. Na akianza kuzungumza juu ya kumfuata marehemu, usimwache peke yake, nenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Muhimbili wana huduma ya afya ya akili, Mirembe ipo Dodoma kwa kazi hiyo, na ukiwa mbali nazo anza na hospitali ya mkoa wako. Si jambo la aibu, na halipingani na dua.

Watu huniuliza kama mwisho wa kazi hii ni kusahau. Katika insha ya 1917 Freud aliandika kama vile moyo hatimaye hufungua kamba zote na kuwa huru kupenda kwingine. Kisha maisha yakamjibu. Baada ya Sophie akafa Heinz, mtoto wa Sophie, mwaka 1923, akiwa na miaka minne na ushee. Mwaka 1929, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto, akakiri kwamba maumivu makali hupungua lakini mbadala hapatikani, na kwamba ni sawa iwe hivyo, kwa kuwa ndivyo upendo tusiotaka uishe unavyoendelea. Miaka minne baadaye mgonjwa wake, mshairi Hilda Doolittle, aligusia enzi za ile homa ya mafua, na Freud akamwonyesha kidude kidogo cha ukumbusho kilichoning'inia kwenye mnyororo wa saa yake, akasema binti yake yumo humo.

Nilipoijua habari hiyo niliacha kuionea haya ile laini ya mzee. Niliendelea kuiongezea vocha miezi kadhaa, kisha mwezi mmoja nikasahau, na niliposahau sikujilaumu. Baadaye niliipiga kwa bahati mbaya. Akapokea kijana, sauti ya kuchangamka, nyuma yake kuna muziki na kelele za stendi. Nikamwambia samahani, nimekosea namba. Jina "Mzee" bado lipo kwenye simu yangu.

Kikohozi kiliisha chenyewe, sikumbuki lini. Hitima ya mwaka nilikwenda Muheza siku mbili kabla, safari hii sikushika daftari. Nikakaa kibarazani na shangazi, nikamweleza habari ya shamba la michungwa, naye akanieleza pesa zilikokwenda, habari ambayo sitaiandika hapa. Jioni akapita mtani wa mzee na baiskeli yake. Nikamwita. Nikamletea kofia na bakora kutoka ndani, nikamwomba anirudie yale aliyoyafanya mwaka ule, maana sikuwa nimetazama.

Akaigeuzageuza kofia mkononi, akanitazama kwa jicho moja, akaniambia bei imepanda.